Mbuzi Ndani ya Sanduku

Siku moja ya Jumatano, yapata saa tano ya asubuhi, mbele ya halaiki isiyopungua watu arobaini, kando ya barabara iliyo jirani na Paki ya Zamani ya teksi hapa Kampala, nilisimama juu ya mizani ya kupimia watu nikiwa nimekumbatia sanduku langu la safari kama bwana harusi aliyenyanyua bibi arusi mzito kuliko alivyoambiwa na washenga. Na tangu saa hiyo hata sasa ninaposhika kalamu sijapata kupita mtaa ule bila ya kusikia nyuma yangu kijana akilia kama mbuzi.

Fedheha hii naieleza kwa urefu kwa makusudi, kwani aibu ikielezwa kwa ufupi humwachia msikiaji nafasi ya kuongeza yake, na walioongeza wamekwisha kuwa wengi.

Safari yenyewe ni ya kuhamia Leicester, Uingereza, kwa kazi ya mkataba, nayo ina sifa moja ambayo hapo mwanzo niliidhania kuwa ni neema, ya kuwa haina tarehe. Barua ya mwajiri ilisema kwa lugha ya kiungwana kwamba hapana haraka, nije nitakapokuwa tayari, na kwa sababu hiyo nikanunua tiketi ya namna ile iwezayo kugeuzwa siku kila mtu apendapo, nikajiona mtu huru kuliko ndege inayonichukua. Mama watoto, ambaye hana staha kwa mambo yasiyo na mwisho, aliipa jina la safari ya mpira, kwa kuwa huvutika. Uhuru huo ndio ulionijazia sanduku. Mtu ajuaye siku ya kufika hujua pia nguo ya kuvaa. Lakini mimi, nisiyejua kama nitashuka katika baridi yao au katika jua lao fupi, nililazimika kuchukua mavazi ya majira yote manne ilhali maisha yangu yote nimeishi katika mawili, ya mvua na ya kungoja mvua.

Shirika la ndege linaruhusu kilo 23. Nikazigeuza kwa vipimo vya wazee wetu nikaona hazitimii frasila moja na nusu, na moyo ukanisononeka, kwani mpagazi wa misafara ya zamani aliyetoka pwani kwa miguu alitwikwa ratili sitini na zaidi, nazo ni kilo 27 na kuendelea; na Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyefika katika ua wa Kabaka Suuna wa Buganda mwaka 1844, hakuambiwa na mtu yeyote njiani ya kuwa amezidisha mzigo. Tumeendelea hata chombo kirukacho juu ya mawingu kinanibebea kidogo kuliko alivyobebewa mtu yule na kichwa cha mwanadamu mwenziwe. (Mpagazi naye angekuwa na maneno yake juu ya hoja hii, walakini hakuna aliyemwuliza.)

Katika mzigo huo mlikuwa na mbuzi. Msomaji wa pwani hahitaji sherehe. Walakini naandika nikiwa Kampala, na yaliyonipata yamenifunza kutoacha neno hilo likatembea peke yake. Mbuzi ninayoitaja ni kibao cha kukunia nazi, kilichotengenezwa kwa mbao mbili zinazopishana na kukunjwa kama marfaa ya msahafu, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji hukikalia, ulimi ukawa baina ya magoti yake, akakishika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno yale, na nazi ikashuka katika sinia nyeupe kama hiyo theluji niliyotishwa nayo. Hii yangu nilirithi kwa mama, aliyekuja nayo kutoka Mombasa kwa gari la moshi, na sikuweza kuwaza nyumba yangu po pote duniani isipokuwa na mbuzi.

"Baba watoto," aliniambia mke wangu, "huko tui linauzwa katika makopo. Mbuzi ya nini?"

Nikamjibu ya kuwa tui la kopo ni maji yaliyosikia habari za nazi. Hakunijibu. Akaitia mwenyewe sandukuni, akaufunga ulimi wake kwa kitambaa ili usirarue nguo, akanitazama kwa macho ya mtu anayeweka akiba ya maneno.

Nyumbani kwetu hakuna mizani. Mjini, kila mkazi wa Kampala anajua, wapo vijana wanaokaa kando ya njia na mizani ndogo za bafuni, na kwa shilingi mia tano mpita njia huvua viatu, akapanda, akaambiwa siri ya mwili wake kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Nikatambua ya kuwa hesabu ya kutoa inatosha kuniondolea tatizo: nipande peke yangu, kisha nipande na sanduku, na tofauti ndiyo mzigo.

Peke yangu nilikuwa kilo 71. Kijana akalitangaza jambo hilo na hakuna aliyegeuka. Nikapanda tena na sanduku kifuani, na kwa kuwa lilinifunika macho sikuweza kuona mshale, nilisikia tu sauti ya kijana ikipaa, "Mia na tisa!", na watu wakasimama, maana mtu mwembamba mwenye kofia na miwani kuzidi kilo mia moja ni karama isiyoonekana kila siku.

"Hajji," akaniambia, akichanganya Kiganda na Kiswahili, "kilo 38! Umeweka nini humo?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na kiburi cha mtu aliyenyonya lugha pamoja na maziwa. Ningaliweza kusema vyombo. Ningaliweza kusema mali zangu, nikamwachia aibu ya kuendelea kuuliza. Badala yake, nikihema, kidevu kikiwa juu ya sanduku, nikasema wazi:

"Kilichozidisha uzito ni mbuzi."

Kijana akanyamaza. Nami, nikidhani ukimya wake ni wa mtu anayetaka maarifa zaidi, nikaendelea kumfafanulia ya kuwa ni mbuzi yangu ya siku nyingi, niliyoachiwa na marehemu mama. Kwamba imeingia vizuri kwa sababu nimeikunja miguu. Kwamba ina meno makali mno, lakini asihofu, ulimi wake umefungwa kitambaa.

Sasa yafaa ijulikane ya kuwa katika Kiganda mbuzi ni *embuzi*, nayo ni yule mnyama mwenye ndevu, wala hakuna nyingine. Maneno yote niliyoyasema, ambayo Lamu au Unguja yangalinipatia heshima ya mtu atunzaye vyombo vya wazazi wake, pale yalimaanisha ya kuwa mzee huyu amemvunja miguu mnyama mkongwe wa marehemu mama yake, amemfunga ulimi asilie, na amemtia sandukuni kumpeleka uwanja wa ndege.

"*Embuzi mu ssanduuko!*"

Sijui nani aliyelia hivyo kwanza. Kampala ina watu wengi wenye haraka, lakini haijapata kuwa na haraka ya kushinda mbuzi ndani ya sanduku. Madereva wa bodaboda, ambao wao wenyewe hubeba mbuzi hai nyuma ya pikipiki bila ya mtu kushangaa, waliacha abiria wao wakaja. Mmoja akatega sikio juu ya sanduku na kushuhudia kwamba anamsikia akipumua. Aliyepumua ni mimi. Bwana mwingine, aliyepotelewa na mbuzi sikukuu iliyopita, aliapa kwa yamini kubwa ya kuwa pumzi ile anaitambua. Neno "mwizi" likaanza kuzunguka nyuma ya umati, kwa upole kwanza, kama mtu anayejaribu ufunguo, na ninyi mnaojua mitaa yetu mnajua neno hilo likishapata mlango huingia na nini. Nilitaka kushuka mizanini, lakini pa kukanyaga hapakuwapo. Nikabaki juu, kilo 109, kama kiongozi aliyesimamishwa jukwaani kabla ya kuandikiwa hotuba.

Aliyeniokoa ni askari polisi, naye nilimshukuru Mungu nilipomsikia akisema Kiswahili.

"Wewe mzee. Hii sanduku ni ya nani?"

"Ni langu, afande."

"Mbuzi iko ndani?"

"Imo, afande."

"Iko mzima?"

"Nzima kabisa, afande, lakini si hai."

"Imekufa lini?"

"Haikupata kuwa hai."

Akatoa daftari.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu ndani ya mazungumzo hayo imo hoja ya elimu. Kwetu, mbuzi mwenye roho ni *huyu*, na mbuzi ya kukunia nazi ni *hii*. Mnyama *amekufa*, chombo *kimevunjika*, na mbuzi ya nazi *imevunjika*. Na mtoto wa miaka mitano wa Mji wa Kale kule Mombasa, akisikia "mbuzi yangu imekunjwa," hataangalia huku na huku kutafuta ndevu. Lugha yetu imetia roho na isiyo roho katika viambishi, kwa ustadi ambao nilikuwa nimeutegemea kama mtu anavyotegemea ukuta. Walakini Kiswahili cha Uganda kiliishi miaka mingi katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, na huko, kwa haraka ya kazi, kila alichokiumba Mola kimekusanywa chini ya neno moja: hii mbuzi, hii gari, hii mzee. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule, nilifurahi kama wenzangu. Sikutambua ya kuwa ngeli zitafika baadaye, kwa mzigo wa bahari. Nilikuwa nimesema "imo" kuthibitisha kuwa si mnyama, na askari alikuwa amesikia "hii" kama alivyozoea kumwita mnyama, nduguye, na mimi.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Naomba nisihesabiwe kuwa mwenye majivuno nikisema ya kuwa hakuna mtu mzima anayestahili kufunguliwa sanduku lake kando ya Paki ya Zamani. Yalitoka makoti mawili; zikatoka suruali za ndani ndefu za sufu, jozi nne, ambazo wauza ndizi walizinyosha na kuzipimia hewani wakijadiliana juu ya ukubwa wa mtu aliyekusudiwa; kikatoka chuma cha chapati, na kinu kidogo cha thomu na mchi wake, na makopo mawili ya karanga za kusaga, na bati la samli ya Ankole, na kanzu tatu, na viatu vyeusi, na saa ya mezani, na vitabu kumi na kimoja, na picha ya harusi yetu ambayo ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka ng'ambo ya pili ya barabara na kurudi na maoni. Chini kabisa ikatoka mbuzi. Nikaikunjua, nikaufungua ulimi wake, nikaiweka chini. Umati ukaitazama kwa huzuni ya watu waliokwisha kugawana nyama katika mawazo. Askari akaizunguka, akaigusa meno, kisha, kwa ajili ya kukamilisha uchunguzi, akaikalia.

"Ni kiti," akasema.

Basi hapo watu wangalikwenda zao na mambo yakaisha, lau kijana wa mizani, ambaye alikuwa mtu wa kutimiza kazi yake, asingesema kwa sauti ya kuwa bado kuna kilo 15 za kutoa. Na umati ambao dakika chache nyuma ulikuwa ukifikiria kunipiga ukageuka, kwa moyo wa huruma ambao sijauona katika baraza lolote la watu wenye mishahara, ukawa bunge la kuamua nibebe nini na niache nini katika dunia hii. Mama mmoja muuza ndizi mbivu alitwaa uspika bila ya kuchaguliwa. Kila kitu kiliinuliwa juu na kujadiliwa. Vitabu viliangushwa kwa kauli moja, kwa hoja ya kuwa Wazungu ndio wanaovitengeneza na hawawezi kukosa. Karanga zilipita bila ya kupingwa. Juu ya suruali za sufu bunge liligawanyika vikali, na mpaka sasa napata haya kueleza ushahidi uliotolewa. Dada mmoja aliyepata kufanya kazi Dubai, ambaye kwa sababu hiyo alisikilizwa kama waziri, alisimama kidete juu ya samli akasema itatupwa uwanjani. Na kweli alisema, maana sheria ya Uingereza haimruhusu abiria atokaye katika nchi kama yetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa. Ndipo likainuliwa koti langu zito, nililolinunua katika soko la Owino, na mtu akasoma kitambaa kilichoshonwa ndani yake, ikaonekana ya kuwa limetengenezwa Uingereza, likavaliwa huko, likatolewa sadaka, likavuka bahari katika robota la mitumba, na sasa linarudi kwao.

"Hilo halihitaji viza," akasema dereva mmoja wa bodaboda, na watu wakacheka sana. Nami nilicheka.

Mwisho ikapigwa kura juu ya mbuzi. Mikono yote iliinuka kuiacha isipokuwa mmoja, wa askari, aliyekuwa bado ameikalia.

Nilipopanda mizanini mara ya tatu mshale ulisema 93 na nusu. Kilo 22 na nusu! Wakapiga makofi, mama spika akanipa ndizi, na kijana wa mizani alikataa malipo ya mara ya tatu. Nilirudi nyumbani nikiwa na sanduku mkononi na furushi la vilivyokataliwa kichwani, nikiwasifu watu wa mji huu. Na ilikuwa jioni nilipotambua kwamba sehemu ya wepesi ule haikutokana na busara ya bunge, kwani viatu vyeusi na saa ya mezani havikuwamo sandukuni wala furushini.

Vilivyokataliwa niliazimia kuvituma kama shehena, na hapo nikaingia katika elimu ambayo, nakiri, imenipotezea majuma mawili na sehemu ya mapenzi ya mke wangu. Nilikuwa nikidhani, kama mtu ye yote aliyewahi kununua sukari, ya kuwa uzito ni uzito. Karani wa ofisi ya mizigo hakuitazama mizani hata mara moja. Aliuchukua mto wangu wa sufi, ambao hautimii kilo moja na nusu, akaupima kwa utepe: urefu sentimita 70, upana 50, kimo 20. Akazidisha akapata 70,000, akagawanya kwa 5,000, akaniambia mto una kilo 14.

Niliudhika, kisha nikavutiwa, kisha nikashindwa kulala. Maana jambo lenyewe ni la haki iliyo nzuri ajabu. Ndege ina njaa za namna mbili, ya uzito na ya nafasi, na mtu akiijaza sufi itajaa kabla haijashiba, akiijaza chuma itashiba kabla haijajaa. Kwa hiyo wenye ndege na wasafirishaji wameafikiana kwamba kila kilo moja ina haki ya makazi yake, kama mpangaji na chumba chake, na chumba hicho kwa wapeleka vifurushi ni sentimita za ujazo 5,000, yaani kijisanduku cha sentimita 17 na kidogo kila upande, na kwa shehena ya kawaida ya ndege ni 6,000, yaani cha sentimita 18 hivi. Ukikaa katika chumba kikubwa kuliko uzito wako, unalipia chumba. Ukiwa mzito kuliko chumba chako, unalipia mwili. Kikubwa kati ya hayo mawili ndicho kinachoandikwa katika hati. Bahari ni karimu zaidi: huko mita moja ya ujazo huhesabiwa sawa na tani nzima, hata vyombo vya nyumbani aghalabu hulipiwa nafasi tu, na kontena la futi 20, lenye nafasi ya mita za ujazo zipatazo 33, lingeweza kumeza nyumba yangu na ya jirani kabla ya kuianza njia ya Malaba kwenda Mombasa, kilomita 1,170 au karibu yake. Mimi, nikiwa na mto, nilitakiwa kulipia ratili zaidi ya 27 za upepo.

Tangu siku hiyo nikawa sitazami kitu nikakiona jinsi kilivyo. Usiku nilizunguka nyumbani na utepe wa fundi cherehani nikivihukumu vyombo kuwa ni vya kweli au vya uwongo. Sufuria tupu ni mwongo mkubwa, isipokuwa ukiijaza soksi. Kiti ni mnafiki: miguu minne inayozunguka hewa. Taa ya kandili ni laghai kabisa. Kitabu, kinyume chake, ni mwaminifu kuliko kiumbe ye yote. Niliponyanyua kamusi yangu nikakuta uzito wake umezidi chumba chake mara tatu, nikaibusu. Nikaja kwa mbuzi: urefu 45, upana 20, ikikunjwa unene 10, kilo moja nukta nane kwa hesabu ya nafasi, na kwa mizani ya muuza samaki kilo mbili na nusu. Haikuwa na hewa hata chembe. Usiku mmoja nilijikunja sakafuni na kumwomba mama watoto anipime nami, na matokeo, ikiwa yanamfaa mtu, ni kwamba katika sanduku la mita moja kwa nusu kwa nusu mimi ni kilo 50 kwa nafasi na 71 kwa mwili, yaani ni bidhaa ya kweli. Mke wangu aliuweka utepe chini bila ya neno, akaenda kulala kwa dadake Kibuli siku tatu.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Kitanda alikinunua jirani, akakichukua siku ile ile, na kesho yake safari ikaahirishwa majuma sita. Jokofu lilikata roho mikononi mwa mnunuzi, akiwa bado hajalipa. Dua ya kuniaga imesomwa mara mbili, na ya tatu jamaa wamekataa kuchanga. Binamu ameniletea nsenene, yaani panzi, wa kukaanga nimpelekee mwanawe, akinikumbusha abiria yule wa Novemba 2021 aliyewauza ndani ya ndege ya kwenda Dubai, kama kwamba hiyo ni hoja ya kunitia moyo.

Lakini nimeanza kuchukia neno lile la mama watoto, la mpira. Mpira una ncha mbili, na nimechelewa kuuliza ncha ya pili ameshika nani. Tarehe ambayo niliambiwa ni yangu imesogezwa mara tatu, wala si na mimi. Na kila ikisogea, karatasi zangu zinazeeka. Cheti cha kifua, cha kuthibitisha ya kuwa sina kifua kikuu, maisha yake ni miezi sita, kisha mapafu yangu hurudi kuwa mashaka, na pesa hulipwa upya. Kuna pia suala la lugha. Waingereza waliitawala nchi hii tangu 1894 hadi 1962, wakatuachia Kiingereza katika mahakama, katika bunge na katika vijiti vya walimu. Na sasa, katika orodha ya nchi ambazo raia wake husadikiwa kuwa wanajua Kiingereza, wamo watu wa Jamaika, wa Malta na wa New Zealand, na sisi hatumo. Mganda hana budi kuleta ithibati kwamba aliyopigiwa kiboko aliyaelewa. Mwenye asili ya Uingereza akitaka kuhamia Kampala hujaza fomu katika intaneti, huja na kontena lake lenye godoro, baiskeli na mbwa, hukaa Kololo au Muyenga akitafakari kama mji unamfaa, na akiona haumfai huondoka, na hakuna aliyemwuliza kama anajua Kiganda. Safari yake ndiyo ya mpira. Yangu ni kamba iliyopakwa rangi. Na lile koti langu, lililochekwa barabarani, limekwenda na litarudi bila ya kutoa jasho wala alama za vidole.

Juzi nilikwenda kuyalalamika haya katika duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye tumekuwa tukinunua kwake viungo tangu aliporudi katika miaka ya 1990. Alinisikiliza huku akipima bizari. Yeye aliondoka kijana, katika zile siku 90 alizotoa Idi Amin mwezi wa Agosti 1972, mwisho wake tarehe 8 Novemba. Na safari yake, alisema, haikuwa na mpira hata kidogo. Mama yake alifungasha kibao na mti wa kusukumia chapati. Katika barabara ya Entebbe, ambako palikuwa na vizuizi vya askari mahali baada ya mahali, masanduku yalifunguliwa yakamwagwa, na kila kizuizi kiliondoka na kitu. Kibao kilirushwa majanini, mti ukabaki, kwa kuwa mama alikuwa ameushika mkononi na askari hakujua ni wa nini. Nikamwuliza kama walikwenda Leicester. Akacheka. Mwezi wa Septemba mwaka ule, akasema, halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la *Uganda Argus* la kuwasihi Wahindi wa Uganda wasiende huko, kwa kuwa hapakuwa na nyumba wala nafasi shuleni. Na watu wengi ambao hawakuwa wamelisikia jina la mji huo walilisikia kwa mara ya kwanza katika tangazo hilo, wakaenda. "Sisi tulikuwa miongoni mwao," akasema. Akanifungia bizari, robo kilo, akaongeza kijiko juu ya kipimo.

"Hii mbuzi yako," akaniuliza, naye ni mtu anayejua ngeli, "utaiacha kweli?"

Nilimwambia bunge limekwisha kuamua.

Jana usiku umekuja ujumbe mwingine kutoka kwa mwajiri, wa adabu kama wa kwanza: wamefurahi mno kunitarajia, na kwa kuwa tarehe yangu haina kizuizi, wanaomba isogee tena kidogo, hadi watakaponijulisha. Mke wangu aliusoma, akanirudishia simu, akaenda jikoni kuvunja nazi. Viti vyote vimeuzwa, meza pia, na kitanda nimekwisha kukieleza. Haya yote nimeyaandika magoti yakinifika kidevuni, daftari juu ya ndoo, nikiwa nimeikalia mbuzi, na mara mbili sasa mama watoto amesimama mlangoni na kifuu mkononi akiniambia niinuke.